Sharti la Mzee Mwishehe

Mwanaasha binti Mwishehe alijiapiza kwamba siku akikutana tena na Anselmo, hatamsalimu. Alijiapiza hivyo akiwa bibi harusi, hina haijakauka mikononi, wanawake wa Mtoni wakimpigia vigelegele chumbani kwa shangazi yake. Miaka ikapita. Akapelekwa Kilwa kwa mume, akaachika hukohuko Kilwa, akarudi kwa baba yake na kasha moja la nguo na jina la mtaliki. Akapata kazi ya opareta wa simu katika ofisi moja mjini, akawa kutwa anaunganisha watu wa Mwanza na watu wa Mtwara, akiwasikia wanavyopendana na wanavyodanganyana. Kiapo chake hakukigusa.

Basi Jumapili ile ya mwezi wa Ramadhani, mwaka wa sabini na saba, alikuwa ameketi sebuleni kwa Bernadeta, Chang'ombe, akimenya mihogo ya futari, hodi ikapigwa. Aliijua sauti kabla hajamwona mtu. Kisu kikasimama katikati ya muhogo.

"Bernadeta," alisema taratibu, "umenialika na nani?"

Bernadeta alikuwa muuguzi, mnene wa mwili, mwepesi wa ulimi, na rafiki yake tangu walipokuwa wakilala vitanda jirani bwenini. "Nimealika kamati," alijibu. "Wewe, mie, Didas. Na yeye. Ningekwambia, ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Waliomaliza Sekondari ya Mikwajuni mwaka wa sitini na sita walikuwa wamepanga kukutana Jumamosi ya baada ya Idi, wamuage Mwalimu Theonest aliyekuwa anastaafu na kurudi kwao Bukoba. Siku zilikuwa zimebaki chache na kazi nyingi: ukumbi, chakula, wa kualikwa. Mwanaasha aliitikia wito kwa moyo mmoja. Alitaka kumwona mwalimu wake. Alitaka kujua nani kazaa, nani kahamia wapi. Jina moja tu hakuliuliza, na kwa kuwa hakuliuliza, akadhani halitakuja.

Anselmo aliinama kidogo kupita mlangoni, kama alivyokuwa akiinama zamani mlango wa darasa. Mvi chache zilikuwa zimemwota juu ya masikio, na vumbi la mbao lilikuwa limemganda kwenye nyusi. Alikuwa na karakana yake ya useremala mtaa wa tatu kutoka pale, na Jumapili kwake ilikuwa siku ya kazi. Alimsalimu Bernadeta. Alimsalimu Didas, mwenzao wa darasa, aliyekuwa amejaa kwenye kiti cha mkono na kikombe cha chai kifuani. Kisha akageuka.

"Mwanaasha," alisema.

Mwanaasha aliendelea kumenya.

"Naona salamu zimeadimika kama sukari," Anselmo alisema.

"Sukari ina foleni yake," Mwanaasha alijibu bila kuinua macho. "Salamu zangu hazina hata foleni. Zimekwisha."

Didas alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaurudisha uso kwenye kikombe. Anselmo alivuta kiti, akakaa upande wa pili wa chumba. Mwanaasha aliuona mkono wake ukitua gotini, mkono mpana wenye kovu jipya kwenye kidole gumba, na moyo wake ukafanya jambo ambalo hakuuruhusu. Akaukaripia kimoyomoyo, akachukua muhogo mwingine.

Bernadeta alimimina chai ya pili, akampelekea Anselmo. "Samahani, Mwanaasha, shoga yangu, wewe umefunga nasi tunakunywa mbele yako. Anselmo, pokea. Hiyo sukari nimeipigania kwa balozi wa nyumba kumi."

"Ahsante, dada. Mie basi."

"Unasema basi hata hujaonja?"

"Sijisikii. Mpe Didas."

"Mwache, Bernadeta," alisema Mwanaasha. "Kuna watu hawali cha mtu. Wanaogopa wasije wakalazimika kushukuru."

Anselmo alimtazama, safari hii kwa muda. Macho yake hayakuwa na hasira ya moto. Yalikuwa na ubaridi wa mtu aliyekwisha kukasirika zamani, akachoka, akabaki na chuki iliyokaa. Jambo hilo lilimkera Mwanaasha kuliko tusi. Yeye ndiye aliyeachwa. Huyu alikuwa na haki gani ya kumchukia?

Wakaanza mazungumzo ya mkutano. Bernadeta alisema ukumbi umepatikana, ng'ombe ataletwa kutoka Kibamba, mchinjaji awe Mwislamu ili kila mtu ale. Kisha akakohoa, akajiweka sawa.

"Sasa kuna hotuba ya kumuaga Mwalimu. Sie tumefikiri wazungumzaji wawe wawili. Mnakumbuka mdahalo ule tulipowashinda vijana wa Pugu? Nani walisimama?"

"Sitaki," alisema Mwanaasha.

"Sijasema bado."

"Nimekwisha sikia. Sitaki."

"Nami sitaki," alisema Anselmo. "Tafuteni mtu mwingine."

"Lakini Mwalimu Theonest amewaulizia nyie wawili kwa majina," Bernadeta alisema. "Hakumwulizia mwingine. Alisema, nitafurahi nikiwaona wale wawili wamesimama pamoja tena."

"Mwalimu hakujua kwamba mmoja wa wale wawili husimama mpaka mambo yakianza kuwa mazito," Mwanaasha alisema. "Hapo hukaa. Au hukimbia."

"Mwanaasha," Bernadeta alimwonya.

"Niache. Miaka yote hii sijasema. Mtu alikuja akaniambia nisubiri, nakwenda kuongea na baba yako. Nikasubiri. Nilisubiri mpaka nguo za harusi ya mtu mwingine zikaletwa chumbani kwangu. Hata neno. Hata kupita barabarani nimwone."

"Neno lilikuja," Anselmo alisema. "Lilitoka kwako. Didas ndiye aliyelileta. Au umesahau?"

Didas alikiweka kikombe chini. "Jamani, mie nilikuwa mtu wa kutumwa."

"Liseme," Anselmo alimwambia. "Wewe unalikumbuka."

"Sisemi mambo ya zamani mwezi mtukufu wa watu."

"Basi nitalisema mie. 'Mwambie Anselmo mie naolewa na mwanamume. Yeye aendelee kujificha nyuma ya kanzu ya padri.'" Aliyasema pole pole kama mtu anayesoma jiwe la kaburi. "Sijaongeza hata herufi."

Uso wa Mwanaasha uliwaka. Alikumbuka mahali aliposimama alipoyasema, uani, nyuma ya jiko, akiwa amelia mpaka sauti imemkauka. Lakini kukumbuka si kukubali.

"Nilisema. Na nilikosea wapi? Baba alikupa sharti, usilimu akuoze. Sharti lenyewe alinisomea yeye. Ukashindwa. Ukamwogopa mama yako, ukamwogopa padri wako, ukaniacha mie peke yangu. Nimefunga mie, sitaki kusema nitakayoyajutia."

"Usiseme, basi. Si wewe peke yako unayeharibikiwa."

Hakuna aliyeyatilia maanani maneno hayo. Bernadeta aliinuka akaenda jikoni kuangalia nazi yake, Didas akamfuata akijidai anataka maji. Wale wawili wakabaki, kila mmoja na ukuta wake wa kutazama. Nje watoto walikuwa wakiimba mchezo wa kuruka kamba. Jua lilishuka nyuma ya mapaa ya viwanda, chumba kikaingia giza, na Mwanaasha akajilaumu kwamba bado aliijua pumzi ya mtu yule, inavyotoka kwa kukatika akiwa amekasirika.

Bernadeta alirudi na kisahani cha tende na bakuli la uji wa pilipili manga, akaviweka mbele ya Mwanaasha. "Saa yako imekaribia."

Adhana ikatoka msikiti wa mtaa wa nyuma. Mwanaasha alinyoosha mkono, akachukua tende. Na mkono mwingine, mpana, wenye kovu kwenye kidole gumba, ukaja ukachukua tende ya pili.

Alidhani anamfanyia mzaha. Alifungua kinywa kumtukana, akamwona amefumba macho, midomo yake inatembea. Aliyajua maneno yale hata bila kuyasikia. Ndiyo yaleyale yaliyokuwa katika midomo yake yeye. Anselmo alitafuna, akatema kokwa kiganjani, akamwambia Bernadeta kwa sauti ya kawaida, "Dada, nina udhu. Una mkeka safi?"

Bernadeta alibaki mdomo wazi. Kisha akaenda akaleta mkeka.

Anselmo alisali pembeni ya kabati la vyombo. Mwanaasha alichukua khanga, akaenda kusali chumbani kwa Bernadeta, lakini mlango haukufungwa vizuri, na alipomaliza alimwona bado yuko kwenye mkeka. Hakusali kama mtu anayejifunza. Alisali kama mtu aliyezoea, mtu ambaye magoti yake yanaijua njia ya kwenda chini. Mwanaasha alishikilia fremu ya mlango. Kitu kilimpanda kifuani, na kwa kuwa hakukijua jina, alikiita hasira.

Alimsubiri akunje mkeka.

"Ni nani?" alimwuliza.

"Nani kafanyaje?"

"Mwanamke aliyekusilimisha. Nataka nimjue jina tu. Amekupata kwa kitu ulichoninyima mie, lazima ana uzuri wa ajabu. Ni mtu wa wapi? Magomeni? Kwangu hukuweza, kwake umeweza?"

"Mwanaasha, kula kwanza," Bernadeta alinong'ona.

"Sili. Naomba jina."

Anselmo aliuegemeza mkeka ukutani. "Binti Mwishehe," alisema. "Wa Mtoni kwa Azizi Ali."

"Usinichezee."

"Sikuchezei. Nilisilimu kwa ajili yako, kabla hujaolewa, msikiti wa Mtoni, mbele ya watu wazima. Nikapewa jina la Marijani. Nikaazima kanzu, nikaenda kwa baba yako. Nikamwambia, mzee, sharti nimelitimiza. Unajua alinijibu nini?"

Mwanaasha alitikisa kichwa.

"Alinishika mkono, akanipongeza. Akaniambia, 'Mungu amekupokea, kijana, nami nakupa hongera. Lakini binti nimekwisha mtoa.' Ulikuwa umekwisha tolewa kabla ya sharti lenyewe. Alinipa lile aliloamini sitaliweza, kisha nikaliweza, nikamharibia hesabu zake."

"Uongo," alisema Mwanaasha. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Didas alijikuna kichwa. "Siku niliyompelekea lile neno lako," alisema polepole, "nilimkuta barazani kwa watu, kule Mtoni. Alikuwa kavaa kofia ya vito, ya kuendea msikitini. Nikajisemea, huyu naye, siku hizi kaanza kupenda kofia. Sikuuliza. Mie nilikuwaga mjinga, jamani."

"Wewe ulimwona?"

"Kwa macho haya."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa bibi harusi, sista. Nani anamletea bibi harusi habari za kofia?"

Mwanaasha alikaa chini. Anselmo hakumwonea huruma. Aliendelea, na ndipo ule ubaridi wake ukapasuka.

"Mfadhili wa kanisa aliyekuwa anisomeshe mpaka chuo kikuu alifunga mkono. Hilo nilimsamehe. Mama yangu kule Masasi alisema mtoto wake Anselmo kafa, na huyu Marijani hamjui. Nilidhani atapoa. Nilimtumia khanga, zikarudi. Nilikwenda mwenyewe, akajifungia ndani mpaka nikaondoka. Alipofariki, kaka yangu Albano aliniambia nikitia mguu kaburini patakuwa na damu. Mama yangu walimzika nikiwa nimesimama kwenye mikorosho, mbali, kama mwizi. Sikutupa hata udongo." Alijisugua kovu la kidole gumba. "Na kichwani nina neno lako. Kanzu ya padri. Ndiyo maana sikupita barabarani kwenu, Mwanaasha. Ndiyo maana chai ya Bernadeta naikataa bila kueleza. Nimechoka kuwaeleza watu mimi ni nani."

Bernadeta alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Tumekuita Anselmo siku zote," alisema.

"Niiteni hivyohivyo. Mama ndiye aliyenipa."

"Na kwa nini hukurudi?" Mwanaasha aliuliza, macho sakafuni. "Mwanamke ulimkosa. Si ungerudi kanisani kwa mama yako, mambo yakaisha?"

"Nilifikiri nitarudi. Nikajaribu kuacha kusali, nikashindwa." Aliinua mabega. "Niliingia kwa mlango wako, nikamkuta Mwenye nyumba. Sikuweza kumwambia nilikosea njia."

Mwanaasha aliinuka, akajitanda khanga kichwani, akachukua viatu vyake.

"Unakwenda wapi? Hujala," alisema Bernadeta.

"Nyumbani."

"Nakusindikiza," alisema Anselmo.

"Miguu ninayo."

"Siendi kwa ajili yako. Nakwenda kwa baba yako. Umesema mie mwongo mbele ya watu, na mie leo nataka hilo likae sawa."

Walitembea kutoka Chang'ombe hadi Mtoni bila kusemezana, yeye mbele, Anselmo nyuma kidogo. Kila nyumba ilinukia futari. Watu walikuwa wameketi kwenye mikeka nje ya milango, sahani katikati, na waliwaita wapita njia wakaribie, kama ada ya mwezi ule. "Karibuni, ndugu, karibuni tufuturu." Mwanaasha alishukuru kwa kichwa. Mara moja alijikwaa kwenye reli ya viwandani, mkono ukamdaka kiwiko. Akauvuta mkono wake kama aliyeguswa na moto, akatembea kwa haraka zaidi. Mahali pale penye kiwiko paliendelea kumwaka mpaka Barabara ya Kilwa.

Mzee Mwishehe alikuwa peke yake barazani. Wenzake walikuwa wamekwenda msikitini kungoja isha. Yeye mguu ulikuwa ukimsumbua siku hizi, akawa anasali nyumbani. Taa ya chemli ilikuwa kando yake, tasbihi mkononi. Alikuwa mtu mzuri, watu wote wa mtaa wangekwambia, mtu asiyepandisha sauti, asiyepitwa na maiti wala harusi. Mwanaasha alimpenda kuliko alivyojipenda. Alipoachika Kilwa, baba huyu ndiye aliyemfuata mwenyewe na kumrudisha, wala hakumwuliza swali.

"Asalaam aleikum, mzee," alisema Anselmo.

"Waaleikum salaam. Nani huyo?"

"Marijani. Uliyempa sharti."

Punje za tasbihi zilikoma. Mzee aliinua taa, akamtazama mgeni kwa muda mrefu, kisha akamtazama binti yake, kisha akaishusha taa pole pole kana kwamba imekuwa nzito.

"Karibu futari," alisema.

"Nimekwisha futuru, mzee. Alhamdulillah."

"Baba," alisema Mwanaasha, "mtu huyu anasema alikuja hapa amesilimu kabla sijaolewa. Nimemwambia mwongo. Niambie kama nimemwonea."

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Nimekaa miaka, baba. Sasa nimesimama. Niambie."

Jirani mmoja alipita na kumsalimu mzee, naye akaitikia vizuri, akamtakia heri ya mfungo. Mtu alipokwenda zake, alisema, "Hukumwonea kwa makusudi. Lakini umemwonea."

Mwanaasha alishika nguzo ya baraza.

"Nilikuwa nimekwisha toa neno kwa mtu wa Kilwa," mzee aliendelea. "Mbele ya wazee, msikitini. Kisha kijana huyu akaja. Nilikujua ulivyo. Nikisema hapana, utanichukia maisha yako yote. Nikaona nimpe mlima. Nilimjua ni mtoto wa misheni, anaimba kwaya, mama yake ni mtu wa kanisa. Nikasema moyoni, atashindwa mwenyewe, na binti yangu hatanilaumu mie."

"Akaupanda."

"Akaupanda. Alikuja hapa na kanzu imemwia fupi. Nilipomwona niliingiwa na aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe. Nikamwambia, kama unampenda, nyamaza, mwache akaolewe kwa amani."

"Kwa amani," Mwanaasha alirudia. "Baba, nilikuwa nalala Kilwa nikimwapiza mtu huyu. Kila usiku ule mume alipokuwa haji, nilikuwa nasema, haya ndiyo aliyoniachia Anselmo. Kumbe nilipaswa kutaja jina jingine."

Mzee aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka bila sauti, yakashuka kwenye ndevu. "Nisamehe, mama."

"Bado, baba," alisema Mwanaasha. "Nitakusamehe, wewe ni baba yangu, nitafanyaje? Lakini bado."

Kisha akageuka. Anselmo alikuwa amesimama nje ya duara la taa, mikono nyuma, uso umelegea kidogo, kama mtu aliyeshusha mzigo na kudhani safari imekwisha.

"Na wewe usifurahi," Mwanaasha alimwambia.

"Sijafurahi."

"Ulisilimu, ukaja kwa baba. Kwangu hukuja. Akakwambia nyamaza, ukanyamaza. Nyie wanaume wawili mlikaa hapa barazani mkayagawa maisha yangu, mmoja akachukua kusema, mwingine akachukua kunyamaza. Mie nilikuwa wapi siku hiyo? Nilikuwa chumba hicho hapo. Ukuta mmoja. Ungeita jina langu tu, ningesikia."

"Nilidhani ndiyo heshima."

"Heshima kwa nani?"

Anselmo alitazama ukuta wa kile chumba.

"Neno nililokutumia lilikuwa baya," Mwanaasha alisema. "Nilikosea, nakuomba radhi kwa hilo. Hilo ni langu, silikimbii. Kwa mama yako nakupa pole kutoka moyoni, Mungu amrehemu. Lakini wewe ulikuwa na jibu langu mkononi, ukalifumbata, ukaniacha nikuchukie bure miaka yote hii. Kisha unakuja kwa Bernadeta kunitazama kana kwamba mie ndiye niliyekuzika. Nilikuwa na haki ya kujua kwamba nilipendwa namna ile. Ingenisaidia, Anselmo. Hata Kilwa ingenisaidia."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake siku ile. Wote wawili walilisikia.

Anselmo alisogea hatua, taa ikamfikia usoni. Alikuwa analia naye, kwa namna ya watu waliojizuia sana, machozi yakikwama kwenye vumbi la nyusi na mashavu. "Umesema kweli," alisema. "Sina la kujitetea. Nilikukasirikia wewe maana kumkasirikia mzee niliona dhambi, na kujikasirikia mwenyewe sikuweza."

Adhana ya isha ikaanza. Wakaisikiliza hadi mwisho, wote watatu, kila mmoja alipo. Ilipokwisha Anselmo alifuta uso kwa kiganja.

"Basi nakuuliza sasa," alisema. "Simwulizi mzee, wala sijali amemwahidi nani. Nakuuliza wewe, hapa nje, yeye anasikia. Utakubali nikuoe?"

Mzee Mwishehe aliinua kichwa. Mwanaasha alimtazama mtu yule, kovu lake, mvi zake, macho yale ambayo sasa hayakuwa na ubaridi hata kidogo, akaona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Na kwa kuwa ingekuwa rahisi, akakataa.

"Hapana."

Anselmo aliitikia kwa kichwa, kama anayepokea haki yake. Alimuaga mzee, akateremka barazani, akashika njia.

"Leo hapana," Mwanaasha alisema.

Akajikasirikia papo hapo. Anselmo alisimama, lakini hakugeuka.

"Kesho nina kazi huku Mtoni," alisema. "Baada ya alasiri."

"Kazi gani?"

"Bado sijaijua."

"Barabara si ya baba yangu," alisema Mwanaasha. "Pita."

Akaenda zake, mrefu, amenyooka, mpaka kona ya duka la mkaa ikamficha. Watu waliokuwa wakienda kusali walipita wakimsalimu Mzee Mwishehe, naye akaitikia mmoja mmoja kwa sauti iliyochoka. Alipoona njia imetulia, alijiinua kwa fimbo, akachukua taa.

"Mwanangu, tuingie?"

"Ingia wewe, baba," alisema Mwanaasha. "Mie nakaa nje kidogo."